Sikitu Bado Hajaagwa

Palikuwa na nchi, na nchi hiyo si yako wala si yangu. Nimeulizia mara mbili ili niwe na hakika. Jina lake ningelitaja, ila kulitaja kunahitaji kibali, na kibali nimekiomba tangu mwaka juzi, nikaambiwa faili langu lipo mezani na mwenye meza yupo safarini. Basi tuiite Nchi, na wenyewe hawatakasirika, maana wamezoea kuitwa vibaya zaidi.

Katika Nchi hiyo aliishi binti mmoja, Sikitu Malembeka, mwenye miaka ishirini na miguu isiyotulia. Hata akikaa, goti lake moja lilikuwa likicheza chini ya meza, na vikombe vyote vya nyumbani kwao vilikuwa na nyufa kwa sababu hiyo. Alitaka jambo moja tu duniani: kujifunza kutengeneza mashine za hospitali. Hospitali ya wilaya yao ilikuwa na mashine ya kupiga picha za mifupa, mashine nzuri, ya kung'aa, iliyokwisha kuzinduliwa mara nne. Mara nne utepe ulikatwa, mara nne akina mama wakapiga vigelegele, na mara zote nne mashine ikakataa kuwaka. Aliyevunjika mguu alipelekwa mbele ya mashine, akaonyeshwa picha ya waziri akikata utepe, kisha akarudishwa nyumbani akapone.

Tepe zote nne alizishona mama yake. Mama Sikitu alikuwa fundi cherehani wa viongozi. Suti, majoho, mikanda ya heshima ya kuvaliwa begani, vitambaa vya majina, vyote vilipita mkononi mwake. Alijua jina kamili la kila kiongozi wa mkoa, cheo chake na kiuno chake, na alijua pia namna kiuno kinavyofuata cheo. Lakini hakusema. Tangu asubuhi hadi jioni midomo yake ilikuwa imebana pini, na watu wakazoea kumwona hivyo, wakadhani mwanamke yule hana neno. Hata Sikitu alidhani hivyo.

Katikati ya Agosti ikaja barua kutoka chuo kikuu kimoja cha nchi ya baridi. Ilikuwa barua fupi mno. Umepata nafasi, ada yako imelipwa na mfuko wa chuo, fika kabla ya Jumatatu tarehe tisa Septemba, saa sita mchana. Usipofika, nafasi atapewa anayefuata kwenye orodha. Ndivyo walivyoandika, bila kuuliza habari za nyumbani wala za mvua. Majirani waliposomewa walisikitika sana kwamba watu wasomi hivyo hawakufunzwa adabu.

Ubalozi wa nchi ya baridi ulimpa Sikitu viza ndani ya siku tatu, jambo lililozusha maswali kama ubalozi ule una kazi za kutosha. Tiketi ikaja. Ndege ya kwenda huko iliruka mara moja kwa wiki, kila Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri. Mpaka tarehe tisa zilibaki Jumamosi tatu. Sikitu alizihesabu kwa vidole, akazihesabu tena, akaikunjua barua na kuikunja mpaka ikachanika katikati. Lililobaki lilikuwa dogo tu, kila mtu alimwambia hivyo. Lilibaki kuagwa.

* * *

Sheria ya Uagaji ya Nchi ilitungwa zamani, baada ya mwanafunzi mmoja kutoroka kwenda ng'ambo bila kuagwa. Akasoma, akafaulu, akarudi daktari, na alipoulizwa anamshukuru nani akajibu kwamba anawashukuru walimu wake. Bunge lilikaa kwa dharura siku hiyohiyo. Tangu hapo hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kupanda ndege mpaka pasi yake iwe na muhuri uliosomeka AMEAGWA, na muhuri huo ulipigwa tu mwisho wa hafla rasmi, mbele ya mgeni rasmi mwenye hadhi inayolingana na umbali wa safari.

Sikitu akaenda Wizara ya Uagaji na Upokeaji. Idara ya Upokeaji ilikuwa ghorofa ya juu, kimya kabisa, buibui wamejenga. Idara ya Uagaji ilikuwa imefurika watu, mpaka wengine walikuwa na watoto waliozaliwa kwenye foleni. Alipofikiwa aliingia kwa Bwana Mpalange, Afisa Mwagaji Daraja la Kwanza, mtu mnene wa sauti ambaye pia alikuwa mshereheshaji wa hafla zote za serikali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Unakwenda?"

"Nakwenda, mzee. Kusoma. Nimekuja niagwe."

Bwana Mpalange akacheka kwa huruma. "Mtu haji kuagwa, binti yangu. Mtu huombewa. Hebu kaa."

"Nimekaa, mzee."

"Basi hilo goti nalo likae."

Akampa fomu ya kurasa kumi na moja. Swali la tatu liliuliza: *Je, mwombaji anasikitika kuondoka? Weka alama kwenye sana, sana mno, au kupita kiasi.* Swali la saba lilimtaka ataje viongozi atakaowakumbuka akiwa ugenini, kwa kufuata vyeo. Sikitu, kwa kuwa alikuwa na haraka, aliandika "mama yangu". Fomu ikarudishwa baada ya siku mbili na maelezo ya wino mwekundu: mama wa mwombaji hana cheo.

"Mzee, ndege ni Jumamosi," Sikitu alisema aliporudi.

"Ndege ni chombo tu. Haraka haraka haina baraka."

"Na nisipofika nafasi yangu inakwenda kwa mwingine."

"Huyo mwingine naye kwao hawamuagi?" Bwana Mpalange aliuliza, akashangaa kwa dhati, akatikisa kichwa kuwasikitikia watu wa huko wanaoondoka makwao kama vile mbuzi waliofunguliwa.

Ikaundwa Kamati ya Maandalizi. Kamati ikazaa kamati ndogo: ya ukumbi, ya mapambo, ya chakula, ya itifaki, na ya machozi, ambayo kazi yake ilikuwa kupanga nani alie, wakati gani, na kwa sauti ipi. Kamati Ndogo ya Chakula ilikutana mara sita, kwa kuwa kila kikao kilikuwa na chakula. Sikitu hakuwa mjumbe. Alipoomba japo kusikiliza aliambiwa kwamba anayeagwa hashiriki, angeharibu utamu.

* * *

Jumamosi ya kwanza watu walifika Ukumbi wa Taifa wa Uagaji saa tatu asubuhi. Ukumbi huo ulijengwa jirani na uwanja wa ndege, ukitenganishwa nao kwa uwanja wa mpira tu, ili mtu akishaagwa asipate taabu. Sikitu alivikwa joho la zambarau na shada la maua, akakalishwa kwenye kiti chenye mapambo pembeni ya meza kuu. Sanduku lake la nguo lilitwaliwa, likafungwa utepe na kuwekwa jukwaani, ili mgeni rasmi alizindue.

Mgeni rasmi alikuwa Mkuu wa Mkoa. Mkuu wa Mkoa alipata udhuru, akamtuma msaidizi wake. Msaidizi naye akapata udhuru, akamtuma katibu, na katibu akamtuma mwandishi wake wa barua, aliyekuwa na harusi. Saa nane mchana akaingia mtu mmoja mwembamba mwenye bahasha mkononi, ukumbi wote ukasimama kumpokea, bendi ikapiga. Alikuwa dereva.

"Nimepewa hotuba niilete," alisema. "Nisome?"

Kamati ya Itifaki ikajifungia chumbani. Sikitu alisimama mlangoni kwao akisikiliza kwa ufa, akisema moyoni, asome, asome jamani, hata kama hajui kusoma. Ndege ilikuwa inaonekana dirishani, mkia wake mweupe umesimama nyuma ya magoli. Kamati ilitoka saa tisa. Iliamua kwamba umbali wa nchi ya baridi ni kilomita elfu saba, na kwamba dereva, kwa mujibu wa jedwali, anaruhusiwa kuaga mwisho kilomita arobaini. Dereva alipewa sahani ya pilau, akala, akashukuru, akaondoka. Ndege nayo ikaondoka. Sikitu alirudi nyumbani kwa miguu akiwa bado amevaa joho, na mama yake akalichukua akalipunguza kiunoni, kwa sababu wiki ile binti alikuwa amekonda.

Jumamosi ya pili Mkuu wa Mkoa alifika mwenyewe, saa nne kamili, jambo ambalo halijawahi kutokea na ndilo lililoharibu kila kitu. Habari za kuwahi kwake zilimfikia Naibu Waziri, aliyejiuliza pana nini huko cha kuwahiwa. Akaja. Mkuu wa Mkoa, kwa heshima, akanyamaza. Waziri akasikia Naibu wake yuko kwenye hafla inayoonyeshwa na Televisheni ya Taifa, akapiga simu kwamba asiseme mtu mpaka yeye awepo, na kwamba leo hana nafasi. Basi wote wakakaa meza kuu wakitazamana, wakala, wakapiga picha ya pamoja. Kwenye picha hiyo Sikitu hayumo. Mpiga picha alimwomba asogee kidogo, kisha kidogo tena, mpaka akawa nje ya mlango.

Wiki hiyo Sikitu alikiandikia chuo. *Naomba mniongezee siku chache. Bado naagwa.* Jibu lilikuja kesho yake. Chuo kilisema hakikuelewa barua yake, kilimtakia afya njema, na kilimkumbusha kuhusu Jumatatu saa sita.

Hakulala usingizi wa maana tena. Alishika ufagio, akauweka, akashika ndoo, akasahau anateka nini. Alikwenda wizarani kila siku na kila siku Bwana Mpalange alimwambia maandalizi yamefikia asilimia tisini na sita. Akapita hospitali, akachungulia mashine. Mlangoni alikuwepo mzee mmoja amekaa na mkono uliovimba, akisubiri izinduliwe mara ya tano.

"Mama, sitakwenda," Sikitu alisema akiwa amerudi. "Najua sasa. Wataniaga mpaka nizeeke."

Mama yake alikuwa akishona suruali ya Waziri kwa ajili ya Jumamosi. Alimtazama binti yake kwa muda, akaendelea kukanyaga cherehani. Sikitu akakasirika, akatoka nje akaubamiza mlango. Alitaka mama yake aseme kitu, japo amgombeze.

* * *

Jumamosi ya tatu, ya mwisho, ilifika tarehe saba. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kamera zote za Televisheni ya Taifa ziliwekwa, na maandishi chini ya kioo yakasomeka: MUBASHARA, SIKITU MALEMBEKA AAGWA KWA KISHINDO. Saa tatu ikapita. Saa tano ikapita, ikaimbwa kwaya. Saa sita ikapita, ikaimbwa kwaya ileile. Bwana Mpalange alishika kipaza sauti akaeleza kwamba Mheshimiwa Waziri yuko njiani, na kwamba njia nayo ni ndefu kwa sababu ya maendeleo.

Sikitu alikaa kwenye kiti chake, goti likicheza, shada la maua likitikisika kifuani. Alikuwa na kiu, alikuwa na hasira, na zaidi ya yote aliogopa. Tangu asubuhi hakuna kamera hata moja iliyomgeukia. Zote zilitazama meza kuu, ambako viongozi ishirini na saba walikuwa wakifunguliwa chupa za maji.

Saa saba na nusu mama yake, aliyekaa nyuma yake kwenye kiti cha mzazi, akainama kama mtu anayeokota kitu.

"Kuna mfuko chini ya kiti chako," alisema kwa sauti ya chini. "Mna pasi, tiketi, barua, na koti la baridi. Msalani pana mlango wa nyuma."

Sikitu aligeuka. "Na muhuri? Watanizuia pale."

"Kuna kuzuiwa ukiwa pale, na kuna kuzuiwa ukiwa hapa. Nenda msalani, mwanangu."

"Na wewe? Watakuuliza."

"Wataniuliza. Joho liache."

Hapakuwa na nafasi ya kukumbatiana, wangeonekana. Sikitu alivua joho, akalitandika kwenye kiti, akalaza shada la maua juu yake, akachukua mfuko, akatembea kama mtu aliyebanwa na haja. Hakuna aliyegeuka. Alipofika nje alikimbia. Alikatiza uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli, viatu vya hafla mkononi, na moyo ukimwambia arudi akamuage mama yake vizuri, na miguu ikikataa.

* * *

Dawati la uhamiaji lilikuwa na afisa mmoja, Bi Nyamizi, na televisheni ndogo juu ya kabati.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Bi Nyamizi alifungua pasi, akapekua. "Muhuri wa kuagwa sioni."

"Sijapigwa bado."

"Sikitu Malembeka." Afisa alitazama televisheni, akatazama pasi, akatazama televisheni. "Si ndiye huyu anayeagwa sasa hivi?"

"Ndiye mimi, dada."

"Wewe uko ukumbini."

"Niko hapa mbele yako."

"Mdogo wangu, hiyo ni Televisheni ya Taifa. Unataka kuniambia inasema uongo?"

Machozi yalimtoka Sikitu bila kupangwa na kamati yoyote. Akaiweka barua juu ya dawati, vipande vyake viwili. Bi Nyamizi aliisoma yote, mpaka pale penye Jumatatu saa sita, kisha akakaa akiizungusha kalamu. Alikuwa ameketi kwenye dawati lile miaka tisa, na katika miaka hiyo alikuwa amewarudisha wanafunzi wengi kuliko aliowapitisha. Mmoja wao sasa alikuwa akiuza kadi za simu nje ya lango, na kila asubuhi alimwamkia kwa heshima.

"Kazi yangu," alisema polepole, kama mtu anayesoma sheria iliyoandikwa ukutani, "ni kumzuia Sikitu Malembeka asiondoke kabla hajaagwa. Na Sikitu yupo ukumbini, Taifa zima shahidi. Mimi siwezi kumzuia mtu ambaye hayupo hapa. Pita ukae pale kwenye benchi."

"Ahsante, dada, Mungu…"

"Nisikilize kwanza. Ndege inaitwa saa tisa na robo. Kabla ya hapo, wakitangaza pale kwamba kiti chako ni kitupu, basi nitalazimika kukuona."

* * *

Waziri aliingia ukumbini saa nane kamili. Sikitu alimwona kwenye kioo akipunga mkono, suruali imemkaa vizuri sana. Ratiba aliijua kwa moyo, maana alikuwa ameisoma Jumamosi tatu. Neno la mzazi, dakika mbili. Kisha Waziri angesimama, angemwita mwanafunzi mbele, na kumkabidhi bendera. Dakika mbili, basi. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Kaa," alisema Bi Nyamizi. "Unanitia kizunguzungu, na wala hupo."

Mama Sikitu akaitwa. Alisimama na gauni lake la kijivu, akashika kipaza sauti kwa mikono yote miwili. Sikitu hakuweza kutazama. Hajawahi kumsikia mama yake akisema sentensi tatu mfululizo.

"Itifaki imezingatiwa?" mama aliuliza.

"Imezingatiwa, mama. Dakika mbili," alijibu Bwana Mpalange.

"Mimi si msemaji. Nitashukuru tu." Akakohoa. "Namshukuru mfagizi wa ukumbi huu, Bwana Kasiani Ndimbo, aliyeamka kabla yetu sote. Tumpigie makofi."

Makofi yakapigwa. Bwana Ndimbo, ambaye hajawahi kutajwa popote, alisimama akainama kila upande.

"Namshukuru mlinzi wa lango, Koplo Mstaafu Yasinta Mbawala. Namshukuru mpishi mkuu, na mpishi msaidizi, na mpishi wa akiba. Namshukuru Afisa Ugavi Msaidizi, Bwana Festo Kihwelo, ambaye suti yake nimeitanua mara tatu tangu ateuliwe, Mungu azidi kumpandisha."

Ukumbi ukacheka, Bwana Kihwelo akasimama kwa fahari ili suti ionekane. Na mama akaendelea. Alipanda ngazi ya vyeo kidato kwa kidato, jina la kwanza, la baba, la ukoo, cheo, na shukrani. Hakuruka mtu. Aliyetajwa alisimama akapigiwa makofi. Ambaye bado alikaa wima akirekebisha tai, maana zamu yake inakuja. Ikafika saa nane na nusu. Ikafika saa tisa kasoro robo. Bwana Mpalange akanyanyuka mara moja kumkatiza, na Katibu Tawala, aliyekuwa hajatajwa, akamvuta koti akamkalisha.

Pale kwenye benchi Sikitu alisahau kutikisa goti. Sauti ya mama yake ilikuwa nzuri, ya kukwaruza kidogo, na haikuwa na woga wowote. Kumbe maneno yalikuwemo siku zote. Aliona aibu kwa kila siku aliyodhani hayamo, na kwa ule mlango aliobamiza, akacheka na kulia kwa pamoja mpaka Bi Nyamizi akampa karatasi ya kujifutia.

Lakini ngazi ya vyeo ina mwisho. Saa tisa kasoro dakika tano mama alikuwa amebakiwa na watu wanne: Katibu Tawala, Mkuu wa Mkoa, Naibu Waziri na Waziri. Waziri alikuwa ameshaweka mkono juu ya bendera. Hapo Mkuu wa Itifaki, aliyekuwa akitokwa jasho tangu jina la mfagizi, hakuvumilia tena. Alikwenda mpaka jukwaani akamnong'oneza mzazi, na kipaza sauti kikanasa kila neno.

"Mama, umekosea itifaki. Huwa tunaanza na wakubwa."

Mama Sikitu akashika kifua. "Jamani. Mheshimiwa Waziri, nimekukosea. Nimewataja wafagizi kabla yako mbele ya Taifa zima. Haliwezi kubaki hivyo. Naomba radhi, na naomba ruhusa nianze upya, tokea juu."

Waziri alifikiri. Alikuwa amekaa muda mrefu bila kutajwa, jambo lililoanza kumuumiza kichwa, na hilo lilikuwa neno la busara kuliko yote aliyoyasikia siku ile. Akainamisha kichwa kukubali. Ukumbi wote, kuanzia Katibu Tawala hadi mpishi wa akiba, ukashangilia, kwa kuwa kila mmoja angetajwa mara ya pili.

Vyeo vya Waziri peke yake vilichukua dakika kumi na mbili.

Ndege ikaitwa. Sikitu alisimama na mfuko wake, macho kwenye kioo. Mama yake alikuwa amefika kwa Naibu Waziri, midomo imemkauka, mkono mmoja umeshika meza.

"Bado hajamaliza," Sikitu alisema.

"Ndiyo maana nakwambia nenda," alisema Bi Nyamizi. "Unamchosha mama yako."

Sikitu akaenda. Alitembea kwenye lami yenye joto akiwa amevaa koti la baridi, kwa sababu hakujua alibebe vipi, akapanda ngazi, akakaa dirishani, akafunga mkanda. Hapo ndipo alipoligusa lile koti vizuri. Lilikuwa limeshonwa kwa vipande vya suti za viongozi, vile vinavyobaki, na ndani lilikuwa na mifuko minne, kama suti yoyote ya kiongozi.

* * *

Yaliyofuata ukumbini aliandikiwa baadaye, na aliyeandika alikuwa Bi Nyamizi, maana Mama Sikitu si mwandishi.

Saa tisa na nusu mama alikuwa ameshuka tena hadi kwa Afisa Ugavi Msaidizi, sauti imebaki uzi. Ndege ikapita juu. Bati la ukumbi likatetemeka, glasi za meza kuu zikagongana. Mama akanyamaza katikati ya jina. Aliinua uso akatazama dari, na kwa kuwa mzazi ametazama dari, viongozi wote nao, kwa heshima, wakatazama dari. Alikaa hivyo mpaka mngurumo ukaisha kabisa.

"Kwaheri, mwanangu," alisema kwenye kipaza sauti. "Kasome."

Watu wakadhani ndio mwisho wa shukrani, wakapiga makofi kwa nguvu. Mama Sikitu alirudi kwenye kiti chake, akakaa, akaweka mikono mapajani, akalia bila kujificha.

Waziri akasimama. Akaichukua bendera, akatabasamu kwa kamera, akamwita mwanafunzi aje mbele. Hakuja mtu. Akaita tena. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi tatu zilizopita, ukumbi mzima ukageuka kutazama kile kiti, na kamera zikageuka, na Taifa likaona joho la zambarau limelala chini ya shada la maua.

Bwana Mpalange alikimbia mpaka kwa mzazi.

"Mama Sikitu! Mwanafunzi yuko wapi? Haiwezekani, bado hajaagwa!"

Mama alifuta macho kwa kiganja, akamtazama.

"Ameshaagwa," alisema. "Na mama yake."